DENI LA JIRANI

(Maneno haya yalisomwa na mwanachama wa tawi letu, mwenye duka, mbele ya baraza ya tawi baada ya sala ya Isha. Tumeyapiga chapa kama alivyoyaandika, kwa kuwa wengi wa wasiohudhuria wameyaulizia.)

Bismillahi Rahmani Rahim.

Bwana Mwenye Kiti, wazee wangu, mama zangu na dada zangu mliokaa upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana mliojaa mlangoni: Assalaam alaykum.

Mwezi uliopita, katika baraza hii hii, walisema watu wawili. Kijana mmoja aliuliza: dola ikikubali kwamba iliua watu, na waliokufa hawafufuki, kukubali huko kuna faida gani? Akamjibu mzee wangu, ambaye namheshimu kama baba yangu, kwa methali tunayoijua sote, ya kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Watu wakacheka, baraza ikavunjika. Mimi sikucheka, wala usingizi haukunijia upesi usiku ule. Asubuhi yake nikamwendea Bwana Mwenye Kiti nikamtaka idhini niseme khabari za watu wa mbali waliokwisha kupita katika njia hii, nao ni Wajerumani na jirani zao Wapoland. Nimewachagua hao kwa kuwa dhulma iliyotendeka baina yao ni kubwa mno hata hapana mwenye akili awezaye kuikanusha, na kwa kuwa kukiri kwao hakukuja kwa siku moja, kama wanavyodhani wale walioona tu ile picha mashuhuri ya mtu aliyepiga magoti.

Nitaanza na dhulma yenyewe, maana hatuwezi kusema juu ya deni bila ya kutaja kiasi chake.

Tarehe 1 Septemba 1939, alfajiri, majeshi ya Hitler yaliingia Poland. Miongoni mwa mahali pa mwanzo pa kushukiwa na mabomu palikuwa mji mdogo wa Wieluń, watu wakiwa wangali vitandani. Vita viliposita mwaka 1945 raiya wa Poland kiasi cha milioni 6 walikuwa wamekwisha kufa, na nusu yao walikuwa Mayahudi. Makambi ya mauti kama Auschwitz na Treblinka Wajerumani waliyajenga katika ardhi ile ile ya Poland waliyoinyakua. Na mji mkuu wao, Warsaw, uliinuka kupigania nafsi yake tarehe 1 Agosti 1944, ukapigana siku 63, na watu kiasi cha laki mbili wakapotea. Baada ya mji kusalimu amri Wajerumani walileta mafundi wa baruti wakaubomoa nyumba baada ya nyumba. Tafakarini neno hilo: mafundi, kwa utaratibu, katika mji usiokuwa tena na mtu wa kupigana.

Basi sisi tuliosoma chuoni tulifundishwa na walimu wetu masharti ya toba. Mtu aache kosa, ajute, aazimie asilirejee. Hayo ni baina yake na Mola wake, na mlango wa Mola haufungwi. Lakini walimu wakiongeza sharti moja, na sauti ikibadilika walipolitaja: ikiwa kosa limegusa haki ya mja, toba haitimii mpaka mwenye haki arudishiwe haki yake au atakwe radhi. Hata mtu akeshe msikitini mwaka mzima, haki ya mja iko palepale inamngoja. Mimi naona mambo yote ya Wajerumani na Wapoland baada ya vita ni khabari ya sharti hilo la mwisho, na jinsi wanadamu wanavyozunguka huku na huku ili wasilifikie.

Maana katika miaka ya mwanzo kila mmoja alikuwa na udhuru. Ujerumani ilikuwa imegawanywa. Ile ya Mashariki, ya Kikomunisti, ilisema: sisi tuliteswa na Hitler pia, hatia si yetu, watafuteni wenzetu wa Magharibi. Ile ya Magharibi haikuwa na ubalozi Warsaw wala haikuukubali mpaka mpya, maana baada ya vita Poland ilipewa nchi zilizokuwa za Wajerumani mashariki ya mito ya Oder na Neisse, na Wajerumani wa huko, mamilioni, walifukuzwa majumbani kwao, na wengi wakafa njiani. Mtu akitaja Warsaw, yule naye alitaja nyumba ya bibi yake iliyoachwa na sufuria juu ya moto. Hayo yalikuwa kweli. Lakini kweli ile ilitumiwa kama pazia.

Aliyeanza kulipasua pazia hakuwa mdhulumu, bali mdhulumiwa. Novemba 1965 maaskofu wa Poland waliwaandikia barua maaskofu wa Ujerumani, na aliyeishika kalamu khasa alikuwa Bolesław Kominek. Waliyahesabu yote waliyotendwa, hawakulifunika hata moja, kisha mwishoni wakasema kwamba wanasamehe, na wao nao wanaomba wasamehewe. Serikali yao ya Kikomunisti ilighadhibika mno. Ikauliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kusamehe kwa jina la taifa, na Wapoland wanaomba msamaha wa nini. Jawabu ya maaskofu wa Kijerumani ilikuja kwa adabu lakini ilikuwa baridi, kwani katika habari ya mpaka hawakuthubutu kusema neno. Basi wale maaskofu wa Poland walibaki wamenyoosha mkono, wanatukanwa nyumbani na hawakushikwa mkono ugenini. Ndugu zangu, atakaye kuanza maridhiano na ajue kwamba pengine atasimama hivyo kwa miaka.

Miaka mitano ilipita. Tarehe 7 Desemba 1970 Willy Brandt, Mkuu wa Serikali ya Ujerumani Magharibi, alifika Warsaw kutia sahihi mkataba wa kuukubali ule mpaka. Kabla ya hapo alikwenda kuweka shada la maua katika mnara wa Mayahudi waliopigana mwaka 1943 katika mtaa waliofungiwa. Aliweka shada, akatengeneza utepe, akarudi nyuma hatua moja, na mara akapiga magoti juu ya mawe, akanyamaza. Hakuna aliyekuwa amepanga jambo lile. Alisema baadaye kwamba alifanya wafanyavyo watu maneno yanapowashinda.

Najua mmoja wenu ananinong'onea moyoni: sisi hatupigi magoti mbele ya jiwe. Naam, wala mimi sikuja kuwafundisha desturi hiyo. Tazameni jambo jingine. Mtu yule hakuwa na hatia hata chembe. Mwaka 1933, akiwa kijana wa miaka 19, alikimbilia Norway kwa kuwa Hitler alikuwa adui yake, na baadaye akavuliwa uraiya wake. Lau angesema, "Mimi simo," angekuwa amesema kweli. Lakini aliyekuja Warsaw hakuwa Willy mtoto wa fulani. Ilikuwa ni dola, na dola hurithi. Mimi nalirithi duka la marehemu baba pamoja na rafu zake na mizani yake, na wadai wake wakaja wiki ile ile ya matanga. Sikuweza kuwaambia kwamba sukari ile niliyokuwa nikiiuza ni yangu na deni la sukari ni la marehemu.

Watu wake walipoulizwa na gazeti moja la kwao, 48 katika kila 100 walisema amepita kiasi, na 41 tu walisema amefanya sawa. Na huko Poland kwenyewe wakubwa hawakupenda picha ile ienee. Leo kila mtu humsifu, na 1971 alipewa tuzo la amani la Nobel, lakini siku ile alikuwa katika uchache. Nawaambia haya vijana, maana naona mnapenda kuhesabu mikono kabla ya kusema neno.

Walakini, Bwana Mwenye Kiti, sikuja kwa sababu ya Brandt. Nimekuja kwa sababu ya kisiwa.

Katika Bahari ya Kaskazini Wajerumani wana kisiwa kinachoitwa Sylt, kisiwa chembamba cha mchanga ambacho matajiri wao huenda kupunga upepo, na mji wake mkubwa ni Westerland. Kutoka mwaka 1951 hata mwanzo wa miaka ya sitini, meya wa Westerland alikuwa bwana mmoja mwanasheria jina lake Heinz Reinefarth. Watu wakimpenda. Alijua kazi, mji ulistawi, na mwaka 1958 alichaguliwa kuingia katika bunge la jimbo lao la Schleswig-Holstein.

Sasa sikilizeni. Huyu huyu, Agosti 1944, alikuwa jemadari wa kikosi cha SS kilichotumwa kuuzima mji wa Warsaw. Katika mtaa unaoitwa Wola, kwa siku chache tu, askari waliokuwa chini ya amri yake walitoa watu majumbani, wanaume kwa wanawake kwa watoto, wakawaua kwa bunduki katika viwanja vya karakana. Wagonjwa waliuawa katika hospitali pamoja na waliokuwa wakiwauguza. Kisha maiti zikachomwa moto. Wanahistoria hukadiria waliouawa kuwa baina ya elfu 30 na elfu 50. Imehifadhiwa khabari kwamba jemadari huyu alimlalamikia mkubwa wake kwa simu kuwa risasi alizo nazo ni chache kuliko watu aliowakamata.

Poland ilitaka akabidhiwe, mataifa yaliyomshika yakakataa. Mahakama ya kwao ilimwona hana neno. Mwaka 1957 watu wa Ujerumani Mashariki walitoa filamu ya sinema iliyomweka wazi, lakini kisiwani wakasema hizo ni propaganda za Wakomunisti. Na kwa kuwa kweli Wakomunisti walikuwa na propaganda nyingi, neno lile likatosha. Uchunguzi ulifunguliwa, ukafungwa kwa kukosa ushahidi. Akafa mwaka 1979 kisiwani pale pale, hakuhukumiwa kwa lolote.

Tambueni, basi: mwaka 1970 mkuu wa dola alipopiga magoti Warsaw, aliyeisimamia Wola alikuwa angali hai, raiya mwenye heshima, katika dola ile ile. Magoti yale yalikuwa ya taifa zima, na kwa sababu yalikuwa ya taifa zima, Westerland ikaona haiwahusu. Hii ndiyo hila ya kukiri kwa jumla. Mtu akisema "tumekosa sote," kila mmoja humtazama jirani yake.

Ilikuwa mpaka mwaka 2014, miaka 70 baada ya mauaji, ndipo watu wa kisiwa wenyewe, si serikali kuu, walipolitoa jambo nje. Walijadiliana, wakagombana, wako waliosema mzee amekwisha kufa, anakera nini. Mwezi wa Julai mwaka ule bunge la Schleswig-Holstein likatangaza majuto yake kwamba mtu kama huyo aliweza kukaa katika viti vyake. Na katika ukuta wa nyumba ya mji wa Westerland kikatundikwa kibao, kwa Kijerumani na kwa Kipoland, kinachotaja Warsaw, kinachotaja waliouawa, kinachomtaja Reinefarth kwa jina lake na kwa cheo chake cha umeya, na kinachosema kwamba watu wa hapo wanainamisha vichwa kwa haya. Kila aingiaye kulipia kodi yake hupita mbele yake.

Mimi nasema kibao kile kidogo ni kizito kuliko hotuba nyingi. Hotuba unaweza kuisoma bila ya kuijua. Mwaka 1994 rais wao Roman Herzog alialikwa Warsaw kwa ukumbusho wa miaka 50 ya mapambano ya 1944, na kabla ya safari alizungumza na waandishi akayachanganya na yale mapambano ya Mayahudi ya 1943, kana kwamba ni kitu kimoja. Wapoland waliumia. Kufika alifika, akainama, akaomba msamaha kwa maneno mazuri, na wakampokea. Lakini jiulizeni, mtu akija kukutaka radhi na kaburi halijui ni lipi?

Nadhani Wajerumani walijifunza, kwani tarehe 1 Septemba 1949... la, nimekosea, 2019, rais wao Steinmeier hakungoja sherehe kubwa ya Warsaw. Alikwenda Wieluń kabla ya jua kuchomoza, saa ile ile ya mabomu, akaomba msamaha pale pale, kwa lugha yake na kwa lugha yao. Na huyu huyu Steinmeier ndiye aliyefika Songea tarehe 1 Novemba 1923... naona usiku unanichezea, 2023, akakaa na kizazi cha Chifu Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 katika vita vya Maji Maji, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu lake. Poland walingoja miaka 25 kuona magoti ya Brandt. Wangoni walingoja miaka 117, wala sikusikia kwamba yeyote aliwaambia Wapoland yaliyopita si ndwele kwa ujasiri tuliokuwa nao sisi kuwaambia Wangoni.

Je, mambo yamekwisha baina ya jirani wale? Hayakwisha. Mwaka 1953 serikali ya Kikomunisti ya Poland ilitangaza kuachilia fidia. Wapoland wengi husema ililazimishwa na Moscow. Mwaka 2000 Wajerumani walianzisha mfuko wa kuwalipa waliotumikishwa kwa nguvu, na wazee wengi wa Poland wakapata kitu, ingawa wengi zaidi walikuwa wamekwisha kufa. Mwaka 2022 serikali ya Poland ikatoa hesabu yake ya hasara, zaidi ya zloty trilioni 6, na Ujerumani ikajibu kwamba daftari limefungwa. Mtu wa biashara hashangai. Tofauti ya kiasi hupatikana kila siku. Nami nimebishana na wateja juu ya ratili mbili za mchele hata jirani wakatoka nje kutazama. Ila kuna ubishi wa kiasi na kuna ubishi wa kwamba hukuchukua kitu. Ule wa kwanza watu hubishana na huku wanaalikana arusi. Wajerumani na Wapoland wamefika huo wa kwanza: wanahistoria wao wameandika pamoja kitabu cha historia cha watoto wa shule za pande zote mbili, na kazi yake ikakamilika mwaka 2020.

Tena wale waliodhulumiwa hawakujifanya malaika. Mwaka 1995 Władysław Bartoszewski, waziri wao wa mambo ya nje, aliyewahi kufungwa Auschwitz, alisimama mbele ya bunge la Wajerumani akakumbuka kwa huzuni mateso ya wale Wajerumani waliofukuzwa. Na mwaka 2001 rais wao Kwaśniewski alikwenda mji mdogo wa Jedwabne, ambako 1941 Wapoland waliwafungia jirani zao Mayahudi katika banda wakawachoma, akaomba msamaha. Wengi wa nchi yake hawakumpenda kwa siku ile.

Hapo ndipo nilipotaka kufika, nami najua sitapigiwa makofi.

Sisi katika chama hiki tunataka waliouawa kwa risasi Januari 2001 watajwe kwa majina, na mahali, na aliyetoa amri. Wazee wetu wana ya Januari 1964, ambayo wengine hawajayasema hata kwa watoto wao. Haki yetu kutaka, wala sirudi nyuma hata shubiri. Lakini baada ya uchaguzi wa mwaka 2000, mnakumbuka tulivyokuwa: hatuuziani, hatusalimiani, hatuzikani. Mimi nalikuwa kijana wa miaka 20, nimekaa katika duka la baba. Jirani yetu, mtu wa chama cha upande wa pili, alimtuma mtoto wake kununua mafuta ya taa na sukari. Nikamwambia hakuna, na mapipa yako nyuma yangu anayaona. Nikafanya hivyo mwezi baada ya mwezi. Jirani yule alipofariki sikwenda kuzika, nalifunga mlango wa duka nikakaa ndani mpaka jeneza lilipopita. Hakuna risasi hapo, wala silinganishi. Lakini ni haki ya mja, na mimi ninamjua mja mwenyewe.

Wiki iliyopita nalikwenda kwa mjane wake. Nikasema nilichofanya, kwa mwaka wake na kwa majina ya vitu. Alikuwa akichambua mchele, hakuacha. Akaniuliza: "Mbona umechelewa hivi?" Sikuwa na jawabu. Akasema: "Nimekusikia, mwanangu." Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza.

Naomba basi, Bwana Mwenye Kiti, baraza iamue usiku huu jambo moja. Tawi linunue daftari la kurasa 200, lenye jalada gumu. Upande wa kulia tuandike tuliyotendwa: jina, mahali, siku, na mashahidi wawili walio hai, kabla hawajatutoka. Upande wa kushoto tuandike tuliyoyatenda sisi, kwa utaratibu ule ule. Daftari nitalitoa dukani mwangu bila ya thamani, na mstari wa kwanza wa upande wa kushoto nimekwisha kuuandika.

Wassalaam alaykum.